Fundi, Uliza Kabla Hujafuta

Ukimpelekea fundi simu wa Rujewa kadi yako umwambie unataka kuingiziwa magemu, swali la kwanza atakalokuuliza ni la nafasi: memori yako GB ngapi? Halafu mtaelewana bei. Kadi inachomolewa, inatiwa kwenye kadi rida, na kama imejaa au inasumbua kusoma, inafomatiwa. Baada ya muda si mrefu unarudishiwa ikiwa na magemu mapya, unalipa, unaondoka. Kuna swali moja ambalo kwa kawaida halijaulizwa hadi hapo: humu ndani mna sevu unazozitaka?

Nataka swali hilo liulizwe, tena liulizwe kabla kadi haijaguswa. Gemu lenyewe lina nakala zisizo na idadi. Lililofutwa leo litapatikana kesho kwa fundi huyohuyo au kwa jirani yake. Sevu ni kitu kingine. Ni yote aliyoyafanya mchezaji humo ndani: ligi alizocheza, wachezaji aliowasajili, hatua alizovuka usiku akiwa amejifunika shuka ili mwanga usimwamshe mdogo wake. Hiyo ipo moja tu duniani, imekaa ndani ya kipande cha plastiki kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na ikifutwa hakuna duka inakouzwa.

Rujewa ni makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, na maisha ya hapa yanaendeshwa na mpunga wa bonde la Usangu. Wakulima wa Mbarali, Kapunga, Madibira na skimu ndogondogo za pembeni hupata fedha kwa mkupuo, mpunga unapovunwa katikati ya mwaka. Hapo ndipo simu zinapobadilishwa. Baba ananunua Tecno au Infinix mpya, itel yake anapewa kijana aliyeko sekondari, ya kijana inashuka kwa mdogo wake, na kadi za memori ama zinahama pamoja na simu ama zinabaki nyuma bila mtu kufikiria kilichomo. Msimu wa neema ndio msimu wa kupoteza.

Na mpira ndio unaochezwa zaidi kwenye simu hizo. Hilo halishangazi katika wilaya hii. Mwezi Novemba 2022 timu ya Ihefu, ikiwa nyumbani kwenye uwanja wa Highland Estates kule Ubaruku, iliifunga Yanga mabao 2-1 na kuukata mfululizo wa michezo 49 ya ligi ambayo Yanga ilikuwa haijapoteza. Nchi nzima ilitamka jina la Mbarali wiki ile. Mwaka 2024 timu ikahamia Singida, ikabadilishwa jina, ikawa Singida Black Stars. Uwanja upo Ubaruku, lakini Ihefu katika ligi haipo tena.

Ila inaweza kuwapo kwenye memori ya kijana. Gemu la PES linamruhusu mchezaji kuandika upya majina ya timu na ya wachezaji, kubadili jezi, kupanga kikosi atakavyo. Ni kazi ya jioni nyingi kwa vidole viwili, herufi moja baada ya nyingine. Ukimaliza, kazi yako yote inaandikwa kwenye faili moja ndani ya kadi, na ukiamua kuitoa timu yako ligi ndogo hadi kileleni kwenye Masta Ligi, safari hiyo nayo inaandikwa kwenye faili lake. Mtu aliyeijenga Ihefu yake kwa namna hiyo, halafu akairudisha nyumbani kadi iliyofomatiwa, amepoteza kitu ambacho hata Konami, wenye gemu, hawawezi kumrudishia.

Tuifungue kadi tuone sevu ilivyokaa. Chukua kadi ya PSP, kile kifaa cha Sony cha kuchezea magemu mkononi, au simu yenye programu ya PPSSPP, ambayo Henrik Rydgård wa Sweden aliitoa mwaka 2012 na ambayo huifanya simu iendeshe magemu ya PSP. Utakuta folda inayoitwa PSP. Ndani yake mna folda nyingine kadhaa, na mojawapo imeandikwa SAVEDATA. Magemu yenyewe yamekaa kwingine, mara nyingi kwenye folda ya ISO au popote fundi alipoona nafasi. Gemu moja la PSP linaweza kukaribia GB 1.8, kwa kuwa huo ndio ujazo wa diski ya UMD lilikotoka. Sasa ingia SAVEDATA. Kila sevu ina folda yake, na jina la folda linaanza na herufi nne na tarakimu tano ambazo ni namba ya gemu. Fungua mojawapo: utaiona ICON0.PNG, ile picha ndogo inayotokea unapochagua pa kuendelea, utaiona PARAM.SFO, yenye jina la gemu na maelezo ya ulikofika. Na utaliona faili la data yenyewe. Vyote kwa pamoja mara nyingi ni MB chache au pungufu ya hapo. Folda nzima ya miaka mitatu ya kucheza inaingia kwenye barua pepe moja.

Ukubwa huo mdogo ndio unaonifanya niseme kwamba hakuna kisingizio. Kuhamisha gemu kunakula dakika na bando. Kuhamisha sevu ni kufumba na kufumbua. Fundi mwenye kompyuta mezani anaweza kuikopi SAVEDATA, akaiweka pembeni, akafomati kadi, akaingiza magemu, akairudisha folda mahali pake, na mteja aliyekaa kwenye benchi asione tofauti yoyote ya muda.

Watu wazima wanaoliona jambo hili la kitoto nawakumbusha swali ambalo sote tuliulizwa enzi za simu za vitufe: majina umesevu kwenye simu au kwenye laini? Aliyesevu kwenye laini, simu yake ilipoharibika, aliihamisha laini akabaki na majina yake; aliyesevu kwenye simu alipoteza yote. Tulijifunza kwa maumivu kwamba kifaa ni kimoja na vilivyomo ni vingine, na kwamba kila kimoja kinahamishwa kwa njia yake. Sevu ya gemu iko hivyohivyo. Kuhama simu si kuhama na ulichokifanya ndani ya simu.

Vijana wenyewe huangukia hapa. Mmoja anamwambia mwenzake, nirushie PES. Wanafungua Xender, faili kubwa linapita, yule wa pili analifungua na kukuta gemu linaanza mwanzo kabisa, timu zina majina ya Ulaya, hakuna Ihefu wala Masta Ligi. Anadhani amerushiwa gemu bovu. Hapana, amerushiwa gemu, hakurushiwa sevu. Ilitakiwa folda ya sevu ibanwe kwa ZArchiver iwe faili moja, irushwe nayo, kisha ifunguliwe ndani ya SAVEDATA ya simu ya pili. Anayejua kufungua gemu lililobanwa anajua tayari na kulibana. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba folda ile ipo.

Kuna mtego mwingine ambao hata mafundi wazuri hunaswa. Gemu lilelile la PSP lilitolewa Marekani, Ulaya na Japani kwa namba tofauti: ULUS kwa Marekani, ULES kwa Ulaya, na za Japani zikaanza kwa herufi kama ULJM au NPJH. Sevu inafuata namba, haifuati jina lililoandikwa kwenye kava. Kijana alikuwa anacheza toleo la Ulaya, fundi akamwekea la Marekani. Sevu ipo salama kabisa kwenye folda, lakini gemu jipya haliioni. Mteja anaamini imefutwa, fundi anaapa hajafuta, na wote wawili wanasema kweli. Dawa ni kuangalia zile herufi nne kabla ya kuingiza gemu, na kuingiza lenye namba ileile.

Halafu yako haya magemu ya mpira yanayopita mikononi kila mwaka yakiwa na mwaka mpya kwenye jina. PES 2014 ndiyo ya mwisho ambayo Konami iliitengenezea PSP. Zinazokuja na majina ya miaka ya baadaye ni kazi ya watu wanaochukua gemu la zamani na kulivika usajili mpya, jezi mpya na nyimbo mpya. Wengi wao ni vijana wenye kipaji na subira, nami nawapongeza. Lakini magemu hayo huja na folda yake ya SAVEDATA, na maelekezo yanasema ikopi ndani ya folda ya PSP. Simu inauliza kama ibadilishe mafaili yaliyopo. Kijana mwenye hamu ya kuona usajili mpya anabonyeza ndiyo. Kama gemu jipya limebeba namba ileile ya la zamani, majina yote aliyoyaandika kwa mkono yamefunikwa. Hakuna fundi aliyehusika hapo, wala kadi haikufomatiwa. Ni swali moja la kwenye kioo lililojibiwa haraka.

Simu za sasa nazo zimeongeza hatari yake. Tangu Android 11, programu hairuhusiwi tena kuzurura kwenye memori yote kama zamani, kwa hiyo PPSSPP ikifunguliwa mara ya kwanza inauliza folda yake iwe wapi. Ukichagua sehemu yako mwenyewe kwenye memori, sevu zitabaki hata programu ikiondolewa. Ukichagua folda binafsi ya programu, siku utakayoiondoa programu ili upate nafasi ya kurekodi video ya harusi, sevu zinaondoka nayo. Onyo limeandikwa palepale kwenye kioo, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, mbele ya mtoto anayetaka kucheza. Ipo pia ile hiari ambayo simu zilianza kuitoa na Android 6 mwaka 2015, ya kuifanya kadi iwe sehemu ya memori ya ndani ya simu. Inaonekana nzuri kwa mwenye simu yenye nafasi finyu, lakini kadi hiyo hufungwa kwa siri ya simu ile peke yake. Simu ikifa, kadi ni nzima na haisomeki popote pengine.

Kadi zenyewe hazitendi haki sawa kwa kila mnunuzi. Kadi bandia hutengenezwa hivi: ndani mna GB 8 tu, lakini imedanganywa ili iiambie simu kwamba ina GB 64. Itapokea kila unachoweka bila kulalamika, na ikishavuka ujazo wake wa kweli huanza kuandika juu ya vilivyotangulia au kuvitupa. Mteja anaona majina ya mafaili yote yamepangika. Akifungua, nusu hayafunguki. Kwa Windows kuna programu ndogo ya bure iitwayo H2testw, kwa Linux kuna F3, zote hujaza kadi kisha zikasoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kilichomo. Fundi anayeuza kadi angeipima mbele ya mteja, jina lake lingekua kuliko tangazo lolote. Wenye PSP waongeze na hili: kifaa hicho kinasoma mifumo ya FAT16 na FAT32 tu, na kadi za GB 64 kwenda juu hutoka dukani zikiwa na exFAT, kwa hiyo lazima zifomatiwe upya ndipo zisomeke. Ukihamia kadi kubwa, fomati ile mpya, na ile ya zamani usiiguse hadi uone gemu limefunguka na sevu zimeonekana.

Umeme nao una sehemu yake. Maji yanayopita kwenye majaruba ya Usangu ndiyo yanayoingia Mto Ruaha Mkuu, na Ruaha ndio unaojaza bwawa la Mtera na kwenda kuzungusha mitambo ya Kidatu. Kwa hiyo watu wa Mbarali wanaufahamu mgao wa umeme kwa pande zote mbili, kama wenye kulaumiwa na kama wenye kukaa gizani. Umeme ukikatika kompyuta ikiwa katikati ya kuandika kwenye kadi, linaloharibika huenda lisiwe faili moja tu. Kadi ina orodha inayoonyesha kila faili liko wapi, na orodha ikivurugika hata yale yasiyoguswa hupotea njia. Kuichomoa kadi rida kabla kompyuta haijamaliza kuna madhara yaleyale. Ndiyo maana naamini kadi ya mteja haifai kufanyiwa kazi moja kwa moja. Vilivyomo vikopiwe kwanza kwenye kompyuta, ndipo kazi ianze.

Hapa mtu atauliza: kwa nini tusubiri huruma ya fundi, kwa nini watengenezaji wasilimalize tatizo hili? Jibu lao linasikitisha. Ukiangalia miaka zaidi ya 30 ya vifaa hivi, sevu imekuwa ikimtoka mchezaji mkononi hatua kwa hatua. Game Boy ya mwaka 1989 ilikuwa na magemu yaliyohifadhi maendeleo ndani ya kaseti yenyewe kwa nguvu ya betri ndogo ya saa. Ulibeba kaseti mfukoni, ulibeba na ulikofika; ubaya wake ni kwamba betri ilipokufa, sevu ilikufa. PlayStation ya kwanza ilileta kadi ya pembeni yenye KB 128, na PlayStation 2 ikaja na ya MB 8. Zilikuwa ndogo mno kwa macho ya leo, lakini mchezaji aliichomoa kadi yake akaenda nayo kwa rafiki, akachomeka, akaendelea. PSP ikapanua uhuru huo: kadi yake ilifunguka kwenye kompyuta yoyote kama folda za kawaida.

Baada ya hapo mlango ukaanza kufungwa. Kwenye Nintendo 3DS, gemu la kidijitali na sevu yake vilikaa kwenye kadi ya SD, lakini vimefungwa kwa mashine moja. Kadi hiyohiyo ukiitia kwenye 3DS nyingine, haifunguki. PS Vita ya Sony ilitumia kadi za aina yake peke yake, ghali, zisizoingia kwenye kifaa kingine chochote. Nintendo Switch, iliyotoka Machi 2017, inapokea microSD ya kawaida, ile tunayoijua sote, lakini inahifadhi humo magemu, picha na video tu. Sevu hukaa tumboni mwa mashine na hazikubali kutoka kwenda kwenye kadi. Ukitaka nakala ya pembeni, lipia huduma ya mtandaoni, na bado yako magemu ambayo huduma hiyo haiyagusi. Mtoto wa London au Chicago ambaye Switch yake imeanguka majini na hakulipia, hana fundi wa kumlaumu wala kadi ya kuokoa. Katika jambo hili moja, kijana wa Rujewa mwenye PPSSPP kwenye simu yake anamiliki zaidi kuliko yeye. Kazi yake iko kwenye folda anayoweza kuiona, kuishika na kuikopi. Naona uchungu kwamba tunaupoteza uhuru huo kwa kutojua tu kwamba tunao.

Lazima niliseme na hili bila kuzunguka. Magemu mengi yanayoingizwa kwenye kadi vijijini na mijini kwetu ni nakala ambazo wenye haki hawakuziruhusu, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inawalinda watengenezaji wa programu kama inavyowalinda wanamuziki wetu. Siwezi kumtetea msanii wa Mbeya asiibiwe wimbo halafu nikanyamaza kuhusu mwingine. Ninachojua pia ni kwamba duka la kununulia magemu kwenye PSP yenyewe lilishafungwa, na la 3DS likaacha kuuza Machi 2023; wenye haki wanapofunga milango yote ya kununua, wanawaachia watu nakala za mitaani peke yake. Mjadala huo uendelee. Lakini sevu haimo ndani yake. Sevu haikutengenezwa na Konami wala Sony. Imetengenezwa na aliyecheza, na kwangu mimi ni mali yake kama daftari aliloliandika kwa mkono wake, bila kujali karatasi ilitoka kiwanda gani.

Na wale wanaosema gemu linapoteza muda wa kusoma na wa shamba, nawasikia. Mzazi ana haki ya kupanga saa za kucheza. Hata hivyo saa zilizokwisha kuchezwa haziwi za thamani zaidi kwa kufutwa. Mtoto aliyeambiwa kwamba kazi yake ya mwaka mzima imepotea na kwamba si kitu, amefundishwa kwamba kilichomo ndani ya kifaa hakina mwenyewe. Kesho ndiye atakayeshika simu ya kikundi cha VICOBA, ndiye atakayetunza rekodi za kwaya, ndiye atakayekabidhiwa picha za pekee za bibi aliyefariki. Nimeona familia zikizipoteza picha za namna hiyo kwa njia ileile hasa: kadi ilisumbua, ikapelekwa kwa fundi, ikafomatiwa ili isomeke. Anayejua kuokoa Masta Ligi anajua kuokoa picha za bibi, kwa kuwa hatua hazitofautiani hata moja. Ndiyo maana ningependa somo la TEHAMA shuleni lianzie hapo, kwenye folda na nakala, kwa kitu ambacho mwanafunzi anakijali. Mpe kijana wa kidato cha pili kazi ya kuihamisha sevu yake kutoka simu hii kwenda ile bila kuipoteza, atakuwa amejifunza majina ya mafaili, ujazo, kubana na kuhakiki kabla mwalimu hajafika ubaoni.

Mzigo mkubwa bado nauweka kwa fundi, kwa sababu kwake ndiko kadi zote hupita. Simlaumu kwa dharau. Mafundi wengi walijifunza wenyewe, kwa kufungua simu mbovu na kuuliza waliotangulia, na wamezifufua simu ambazo viwanda vilishazisahau. Mtu wa aina hiyo hashindwi kuuliza swali moja. Akiambiwa ndiyo, sevu zipo, aichukue SAVEDATA peke yake na kuiweka kwenye folda yenye jina la mteja na tarehe. Asikopi kadi nzima bila ruhusa, kwa kuwa humo mna picha na mazungumzo ya watu, na tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotaka mwenye taarifa aheshimiwe. Akimaliza, awashe gemu mbele ya mteja na kumwonyesha palepale alipoishia. Nakala aibakize kwenye kompyuta kwa muda ambao wamekubaliana, kisha aifute.

Kazi hiyo ina thamani, kwa hiyo ilipiwe. Mia tano ya kuhamisha sevu haimuumizi mteja ambaye ametoka kuuza gunia la mpunga, na kwa fundi ni pato lisilohitaji spea kutoka Kariakoo. Mwenye bando anaweza hata kutumiwa folda yake kwenye barua pepe au kuwekewa Google Drive, ambako GB 15 ni za bure na sevu zake zote hazitakula hata sehemu ndogo ya nafasi hiyo. Kwenye zile karatasi za bei zinazobandikwa ukutani, chini ya kubadilisha kioo, kutoa loki na kuingiza nyimbo, uongezwe mstari wa kuhamisha sevu, na uandikwe kabla mpunga wa msimu ujao haujaanza kuvunwa.